Nyayo za Juni na Mgawo wa Julai

Mwanzoni mwa Juni nilikwenda tena kutembea na mzee ambaye kwa miaka kadhaa sasa amekubali kunifundisha, bila ada na bila subira kubwa, kazi ambayo chuo changu hakina kozi yake. Tulianza alfajiri, baada ya sala, kutoka nyumbani kwake katika kijiji kimojawapo kati ya barabara ya Bagamoyo–Msata na Mto Wami. Kijiji sikitaji, wala jina lake. Sababu itaonekana huko mbele. Masika yalikuwa yamekatika wiki mbili zilizopita. Nyasi zilitufika kifuani, na udongo mweusi wa mbuga ulikuwa katika ile hali ya siku chache tu kwa mwaka, ambapo si tope tena wala haujaanza kupasuka. Udongo wa namna hiyo huhifadhi kila kitu kinachoukanyaga.

"Mwalimu," aliniambia, "ukija Agosti utakuta vumbi, na vumbi ni sungo uongo. Pori lisome sasa."

Alichutama kando ya kijito. Mimi niliona kwato. Yeye aliona habari nzima. Kuro, alisema, dume, mkubwa, yuko peke yake. Amepita usiku, maana umande umeangukia ndani ya alama na sisimizi wamekwisha kuvuka ukingo wake wakaacha mstari mwembamba. Hakuwa na hofu, kwa sababu kwato hazikutawanyika wala hazikuchimba kwa mbele. Alikuwa anakwenda majini, na angerudi, kwani kuro hapendi kulala mbali na maji. Hatua kama mia mbili mbele akanionyesha mche uliosuguliwa kwa pembe, gome limechubuka na utomvu bado unanata vidoleni. Hapo alitamka neno moja tu, mbawala, kisha akainua kiganja nisimame. Hatukumwona. Tulimsikia akibweka mara moja ndani ya kichaka cha mtoni, sauti kavu kama ya mbwa mwenye mafua, kisha kimya.

Hatukuwa na bunduki, wala upinde, wala mbwa. Tulikuwa na chupa ya maji na mihogo ya kuchemsha. Mzee hana leseni ya kuwinda na hajawahi kuwa nayo. Lakini kila mwaka kabla ya tarehe mosi Julai, siku msimu wa uwindaji unapofunguliwa nchini, yeye hufanya mzunguko huu wa siku tatu au nne kama baba yake alivyofanya, ili ajue pori limeamkaje baada ya mvua: nani kazaa, nani kahama, kundi gani limepungua, chui yuko upande gani wa mto mwaka huu.

Nayaandikia makala matembezi haya kwa sababu naamini kuwa ndiyo hatua ya kwanza ya kutawala wanyamapori, na ndiyo hatua ambayo dola yetu imezoea kuishi kana kwamba haipo.

Kwingine duniani jambo hili ni la kawaida. Katika milima ya magharibi ya Marekani, wiki kadhaa kabla ya msimu wa kulungu, fundi magari na mwalimu wa shule ya msingi hupanda mlimani mwishoni mwa juma, darubini shingoni, wakitafuta nyayo, vinyesi, malalo na miti iliyokwanguliwa kwa pembe. (Nasema kulungu kwa kufuata mazoea ya wafasiri wa filamu. Mnyama huyo wa kwao, ambaye huangusha pembe zake kila mwaka na kuota nyingine, hana ndugu wa asili kusini mwa Sahara. Wafasiri wa Biblia walipomkuta katika Zaburi walikimbilia neno ayala. Sisi tumejaliwa wanyama ambao pembe zao ni za kudumu na kila mmoja ana jina lake: kuro, tohe, mbawala, palahala, kongoni, funo, paa. Mzee wangu huona aibu mtu mzima anapowaita wote swala.) Kinachonivutia katika mfano wa Marekani ni kwamba yule fundi magari anayepanda mlimani kabla ya msimu ndiye huyohuyo atakayekata leseni kwa bei anayoimudu, na ndiye ambaye taarifa yake baada ya msimu huingia katika hesabu za jimbo lake. Macho, kibali na hesabu vinakutana kwa mtu mmoja, au walau kwa watu wanaofahamiana.

Kwetu vitu hivyo vitatu vimetenganishwa. Macho yako kijijini. Kibali kiko kwa mwenye bunduki iliyosajiliwa na fedha za kulipia, na aghalabu kwa mtalii aliyevuka bahari. Hesabu iko ofisini.

Utengano huu una tarehe. Mei 1896, Gavana Hermann von Wissmann, yuleyule aliyeletwa pwani hii mwaka 1889 kuvizima vita vya Abushiri na kupambana na Bwana Heri wa Saadani, alitoa amri ya wanyamapori kwa koloni zima la Kijerumani. Asiye na leseni asiwinde. Na maeneo mawili, moja upande wa Rufiji na jingine magharibi mwa Kilimanjaro, yakatengwa yasiguswe. Sitasema kuwa amri hiyo haikuwa na sababu. Biashara ya pembe za ndovu, ambayo Bagamoyo ilikuwa mlango wake mkuu, ilikuwa imewafyeka tembo katika sehemu kubwa ya bara. Lakini aliyelipishwa deni hilo hakuwa mfanyabiashara wa pembe. Alikuwa Mkwere, Mdoe na Mzigua aliyetandika wavu wake kwa ajili ya kitoweo.

Jambo tusilolifundisha madarasani ni kwamba Wajerumani wenyewe walikuwa wamekwisha kulitatua tatizo hilohilo kwao. Mapinduzi ya mwaka 1848 yalifuta haki ya makabaila ya kuwinda katika mashamba ya wakulima, na haki ya kuwinda ikafungamanishwa na ardhi. Hadi leo wenye vipande vidogo vya ardhi Ujerumani huunganishwa na sheria katika ushirika mmoja, hukodisha haki yao ya uwindaji kwa pamoja, na mpango wa idadi ya wanyama watakaopigwa hupatanwa na ushirika huo kabla ya kuidhinishwa na mamlaka. Kwa hiyo haikupita hata nusu karne tangu mkulima wa Prussia aondolewe nira hiyo, watawala wa Kijerumani wakamvika nayo mkulima wa Saadani. Waingereza waliipiga msasa kwa sheria zao za mwaka 1921 na 1951. Nasi tulipokuwa huru tukaandika ya kwetu ya mwaka 1974, kisha Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009, ambayo inatamka kuwa wanyama wote ni mali ya umma iliyo mikononi mwa Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi. Sina ugomvi na udhamini. Ugomvi wangu ni na mdhamini asiyewauliza wenye mali wameona nini.

Tuutazame mgawo wenyewe. Mgawo ni idadi ya wanyama wa kila aina wanaoruhusiwa kuwindwa katika eneo fulani kwa msimu mmoja. Ili uwe na maana, sharti mtu ajue wako wangapi. Taasisi yetu ya utafiti, TAWIRI, hufanya sensa za anga: ndege ndogo huruka takriban mita 100 juu ya ardhi kwa mistari iliyonyooka, wahesabuji huhesabu wanyama walio ndani ya ukanda uliopimwa kila upande, kisha hesabu hiyo hukuzwa kitakwimu kwa eneo zima. Ni kazi ngumu na ya hatari, naiheshimu, na kwa tembo, nyati na nyumbu wa uwanda ulio wazi sioni mbadala wake. Lakini mbawala wa kichaka cha mtoni haonekani kutoka angani. Funo ndiyo kabisa. Tohe akisikia mngurumo hujilaza katika nyasi, na ndege humpita kama wingu. Hata wataalamu wa sensa hizo hukiri kuwa wanyama wadogo, weusi-weusi na wa vichakani huhesabiwa pungufu. Tena sensa si ya kila mwaka. Mvua moja mbaya, moto mmoja mkubwa au msimu mmoja wa mitego unaweza kuibadili hali yote kati ya sensa na sensa.

Basi mgawo wa mbawala husimama juu ya nini? Waliochunguza uwindaji wa kitalii nchini wamelalamika kwa miaka mingi kuwa migawo mingi haikusimama juu ya hesabu za uhakika. Kwa lugha ya kawaida, mara nyingi mwaka huu huiga mwaka jana. Na wakati karatasi zikiigana hivyo mjini, yuko mtu kule Wami ambaye wiki iyo hiyo anajua kuwa majike wa mbawala upande wa juu wa kijito wamebaki wawili, na kwamba tohe wamehamia ng'ambo kwa sababu ya ng'ombe.

Nilimuuliza mzee kama kuna aliyewahi kutaka kujua anachokijua. Alicheka hadi akakohoa.

"Nimeulizwa mara mbili maishani," akasema. "Mara ya kwanza na Mzungu. Mara ya pili na askari."

Mzungu alimuuliza ujanani, mzee alipofanya kazi misimu mitatu katika kambi ya uwindaji mbali na kwao. Cheo chake kilikuwa traka, yaani mfuata nyayo. Yeye ndiye aliyetangulia siku kadhaa kabla ya mgeni kufika, akatafuta nyati alipo, akahesabu siku za njia yake ya maji, akarudi kambini na jibu. Mgeni alipofika alipigwa picha na nyati huyo. Mzee alipewa mshahara wa kibarua na bahashishi, na hapo nasema bila kejeli kuwa aliridhika. Anakumbuka miaka ile kwa furaha, kwa kuwa neno lake lilisikilizwa. Akisema kundi hili lisiguswe, lina majike wenye mimba, halikuguswa.

Askari alimuuliza miaka ya baadaye, kijijini. Kulikuwa na mnyama aliyeuawa kwa kitanzi cha waya, na mtu fulani akasema mzee fulani ndiye anayejua njia za kuro. Akaulizwa ajieleze amejuaje kuro anapita wapi. Walimshikilia kutwa nzima wakamwachia jioni. Tangu hapo haongei na mgeni habari za nyayo, na ndiyo sababu sitaji jina lake. Elimu ileile iliyompa heshima kambini ilimfanya mshukiwa kwao.

Wala hofu yake si ya kizee. Kupatikana na nyara za Serikali bila kibali ni kosa la uhujumu uchumi. Thamani ya nyara ikizidi shilingi milioni 1, adhabu ya kifungo inaanzia miaka 20. Na katika kukadiria thamani, kipande cha nyama huhesabiwa kuwa mnyama mzima. Wanafunzi wangu wa sheria wakisoma hukumu za aina hii hudhani wanasoma kesi za majangili wa pembe za ndovu, mpaka wafike aya inayotaja kuwa kilichokutwa ndani ya sufuria kilikuwa nyama ya swala. Siwatetei watega waya. Waya haubagui; humnasa jike mwenye mimba, humnasa chui, humwacha mnyama afe kwa siku tatu. Mzee anauchukia kuliko mimi, na kila mwaka katika mzunguko wake hurudi na waya kadhaa begani. Anazifukia nyuma ya nyumba. Hazipeleki ofisi yoyote, kwa maana atakayezipokea atamuuliza alizipata wapi.

Ndugu msomaji, tafakari jambo hilo kidogo. Mtu anatoa mitego porini kwa hiari yake na anaificha kama mwizi.

Hapa Pwani tumewahi kujaribu njia nyingine. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, vijiji zaidi ya 20 vinavyozunguka Wami-Mbiki, katika iliyokuwa Wilaya ya Bagamoyo na upande wa Morogoro, vilitenga sehemu ya ardhi yao kwa ajili ya wanyama, kwa msaada wa chama cha wawindaji wa Denmark na kwa kufuata Sera ya Wanyamapori ya mwaka 1998 iliyoruhusu jumuiya za hifadhi za vijiji. Vijana walifunzwa kuwa askari wanyamapori wa vijiji. Baadhi yao walikuwa watoto wa wawindaji, na walizisoma nyayo kabla ya kusoma kanuni. Msaada ulipokwisha, jumuiya ikadhoofu, mifugo na mkaa vikaingia, na katika miaka ya karibuni eneo limepandishwa hadhi kuwa pori la akiba chini ya mamlaka ya TAWA. Ninaelewa kwa nini ilifikia hapo. Pori lilikuwa linateketea. Hata hivyo kila tunapopandisha hadhi ya ardhi tunateremsha hadhi ya mtu aliyekuwa akiitembelea. Kijana aliyekuwa askari wa jumuiya akiwa na daftari na kofia, leo akikutwa mahali palepale bila kibali ni mvamizi.

Upande wa bahari hali ni tofauti. Saadani, iliyokuwa pori la akiba tangu miaka ya 1960, ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na humo hakuna kuwinda kabisa. Naunga mkono. Lakini kuro hawajui jiwe la mpaka liko wapi, na wanapotoka nje kuja malishoni katika ardhi ya vijiji wanabadilika kisheria kila baada ya hatua mia moja.

Kuna jambo jipya linalofanya suala hili lisisubiri. Mwaka 2020 zilitungwa kanuni zinazoruhusu mabucha ya nyamapori. Ni hatua ambayo wengi tuliipongeza, mimi nikiwa mmojawapo, kwa sababu mwananchi anayeishi na wanyama apate kuwala kihalali. Ila bucha linahitaji nyama kila wiki, na nyama inatoka mahali. Tukiruhusu soko likue haraka kuliko ujuzi wetu wa idadi ya wanyama, tutakuja kugundua upungufu wa tohe bucha litakapofungwa kwa kukosa bidhaa.

Wenzetu wa Namibia, baada ya sheria yao ya mwaka 1996 kuzipa jumuiya za vijiji haki juu ya wanyama, walibuni utaratibu ambao kwa unyenyekevu wake unaniliza wivu. Kila mlinzi wa jumuiya ana daftari. Akiona mnyama, mzoga, kitanzi au shamba lililoharibiwa, anaandika au anachora. Mwisho wa mwezi anajumlisha, mwisho wa mwaka jumuiya inaketi na kuzitazama chati zake yenyewe, na chati hizo, pamoja na hesabu za pamoja zinazofanywa na wanajumuiya na Serikali, huingia katika majadiliano ya mgawo. Daftari hubaki kijijini. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito, kwa sababu kwetu taarifa zikipanda wilayani huwa hazirudi.

Najua nitakachojibiwa. Mwanaharakati mmoja rafiki yangu ameniambia tayari kuwa tatizo si nani ahesabu, tatizo ni kuwinda kwenyewe. Tufunge kama Kenya. Kenya ilifunga mwaka 1977, na katika miongo iliyofuata idadi ya wanyama katika nyanda zake za malisho ilishuka kwa zaidi ya nusu. Simaanishi kuwa kufunga ndiko kulikowaua. Ukame, uzio na ongezeko la mifugo vilifanya kazi yake. Namaanisha kuwa kufunga hakukuwaokoa. Sisi wenyewe tulifunga mwaka 1973 tukafungua mwaka 1978. Mnyama asiye na mtu wa kumhesabu hupotea kimyakimya, uwindaji uwe umefungwa au umefunguliwa.

Jibu la pili litatoka kwa maofisa, na ni zito zaidi. Watasema wanakijiji wataongeza hesabu ili wapate nyama. Huenda. Lakini kampuni yenye kitalu nayo ina sababu ya kuongeza, na taarifa zake huzipokea. Dawa ya mtoa habari mwenye maslahi ni kumwongezea mtoa habari wa pili mwenye maslahi tofauti, kisha kuwalinganisha. Wawili watembee njia ileile kwa siku tofauti bila kuonana, mmoja wao awe mtu wa kijiji jirani. Mzee wangu amenithibitishia kuwa hakuna raha kubwa kwa msoma nyayo kama kumkosoa msoma nyayo wa kijiji cha pili.

Kwa hiyo ninachopendekeza ni kidogo, na hakihitaji sheria mpya. Halmashauri zetu mbili, Bagamoyo na Chalinze, zina maofisa wanyamapori. Kila mwaka, kati ya kukatika kwa masika na mwisho wa Juni, ofisa aitishe matembezi ya kusoma pori katika kila kijiji chenye wanyama, yakiongozwa na watu ambao mkutano mkuu wa kijiji umewachagua kwa ujuzi wao. Wapewe barua yenye mhuri, ili askari akiwakuta asiwaulize wamejuaje. Waandike walichokiona, pamoja na waya walizozikusanya. Ripoti isomwe mbele ya mkutano mkuu, nakala ibaki kijijini, nyingine iende TAWA. Mgawo ukitoka na ukipingana na ripoti, sababu itolewe kwa maandishi. Sidai kuwa neno la kijiji liwe la mwisho. Nadai lijibiwe.

Kwa wanaharakati: Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa Namba 6 ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa taasisi ya umma. Ombeni migawo ya miaka mitano iliyopita kwa maeneo ya Pwani, aina kwa aina, na ombeni pia msingi wa hesabu zake. Ombi ni la ukurasa mmoja. Kwa wanafunzi wangu wanaoniandikia kila Oktoba wakitafuta mada ya tasnifu, na wanaotaka wote kuandika juu ya mitandao ya kijamii: nendeni mkatembee. Linganisheni nyayo za siku nne na namba iliyoandikwa ofisini. Vaeni viatu vigumu, kupe ni wengi.

Siku ya mwisho tulirudi kwa njia ya mto. Nilikuwa nimemnunulia mzee daftari kubwa pale sokoni Bagamoyo, lenye jalada gumu, nikihofia atalikataa. Hakulikataa, ila alisema macho yake hayaoni mistari. Mjukuu wake wa kike, aliye kidato cha pili, akalichukua. Babu anasema, yeye anaandika, na palipo na shaka wanabishana. Nilipoondoka walikuwa wamejaza kurasa tatu, na niliomba ruhusa ya kunakili maandishi ya siku ile tuliyosikia kubweka. Yanasema hivi: "Kuro dume 1, usiku. Tohe, nyayo za wawili, za juzi. Waya 2, zimetolewa. Mbawala 1, hajaonekana, ametukaripia. Babu anasema ni jike. Mwalimu anasema haiwezekani kujua. Tumeandika jike."